Jinsi ya kukokotoa masalia ya ulimwengu mchanga: nyutrino, heli na maada nyeusi

Mwanafunzi wa uzamili anayeingia kosmolojia akitokea upande wa fizikia ya chembe hukutana mapema na maswali matatu. Kwa nini nyutrino za mwanzo bado zimejaa angani? Kwa nini karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida ni heli? Na chembe ya maada nyeusi ingepaswa kuangamizana kwa kasi gani ili leo ibaki kiasi kinachopimwa? Yote matatu ni mashindano ya kasi mbili: Γ, yaani mara ngapi kwa sekunde chembe moja inagongana na nyingine, na H, kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Γ ikiizidi H, chembe zinabaki kwenye msawazo wa joto. H ikishinda, zinaachana, na zilizosalia zinasalia.

Hesabu yenyewe inatosha ukurasa mmoja au miwili ya daftari. Kinachoangusha watu ni vizio, namba ndogondogo kama 7/8, na kuliamini sharti la Γ = H kupita linavyostahili.

Vizio kwanza

Weka ħ = c = k = 1, fanya kila kitu kwa GeV, na urudi kwenye sentimita na sekunde mwishoni tu. Unazohitaji ni hizi:

- 1 GeV = 1.16 × 10¹³ K
- 1 GeV⁻¹ = 1.97 × 10⁻¹⁴ cm = 6.58 × 10⁻²⁵ s
- 1 GeV⁻² = 3.89 × 10⁻²⁸ cm² (kwa eneo la mgongano σ)
- 1 GeV⁻² = 1.17 × 10⁻¹⁷ cm³/s (kwa σv, yaani eneo hilo mara v, kasi ya chembe zinazogongana)

Mstari wa mwisho ni ule wa tatu uliozidishwa kwa kasi ya mwanga, 3 × 10¹⁰ cm/s. Ukisahau kuzidisha, jibu linakosewa mara bilioni 30, na kwa kuwa kila namba hapa ni ndogo ajabu, jicho halishtuki.

Mtego wa pili ni uzito wa Planck, ambao ndio unaobeba nguvu ya uvutano kwenye fomula ya kutanuka. Ule kamili ni M = 1.22 × 10¹⁹ GeV. Uliopunguzwa ni 2.44 × 10¹⁸ GeV, yaani wa kwanza ukigawanywa kwa √(8π), karibu 5. Waandishi hutumia alama ileile kwa vyote viwili bila kuomba radhi. Tazama namba iliyotangulia kwenye fomula ya kutanuka, ambamo T ni jotoridi na g* ni idadi tutakayoihesabu hivi punde:

H = 1.66 √g* T²/M

Ukiona 1.66, M ni ile kubwa. Ukiona 0.33, ni ile iliyopunguzwa. Katika maelezo haya M ni 1.22 × 10¹⁹ GeV mwanzo hadi mwisho.

Kuhesabu g*

g* ni idadi ya hali za chembe ambazo ni nyepesi kuliko jotoridi la wakati huo. Kila hali ya bosoni inahesabiwa 1, ya fermioni 7/8. Chukua jotoridi la MeV chache: fotoni ina hali 2, elektroni na positroni kwa pamoja 4, nyutrino aina tatu pamoja na kinzani zake 6. Basi g* = 2 + (7/8)(4 + 6) = 10.75. Ukipata 16, umeipa nyutrino hali mbili za mzunguko kama elektroni. Inayoshiriki ni moja tu.

Juu ya GeV mia kadhaa, chembe zote za modeli sanifu zinaingia na g* = 106.75. Katikati tumia jedwali lililochapishwa, usikisie: karibu na 150 MeV kwarki na gluoni zinafungwa ndani ya hadroni, na g* inaporomoka kutoka 60 na ushei hadi chini ya 20 ndani ya masafa mafupi ya jotoridi.

Kuna pia g*s, inayoingia kwenye entropia badala ya nishati. Hizi mbili ni sawa mpaka elektroni na positroni zinapoangamizana. Baada ya hapo g* ni 3.36 na g*s ni 3.91. Kwa entropia ya leo tumia 3.91.

Kabla ya kuendelea, jipime kwa saa: t ≈ (2.42/√g*)(1 MeV/T)² kwa sekunde. Kwa 1 MeV unapaswa kupata sekunde 0.74. Ukipata kitu kingine, vizio vyako havijakaa sawa.

Zoezi la kupasha moto: nyutrino

Kwa jotoridi la MeV, bosoni W yenye 80 GeV ni nzito mno, hivyo nguvu hafifu inafanya kazi kama mguso wa nukta moja wenye kipimo G_F = 1.166 × 10⁻⁵ GeV⁻². Eneo la mgongano linakwenda kama G_F²T², msongamano wa chembe kama T³, na kasi ni ile ya mwanga. Kwa hiyo Γ ≈ G_F²T⁵. Ilinganishe na H ukitumia g* = 10.75:

T³ = 1.66 × 3.28 / (G_F² M) = 5.44 / (1.36 × 10⁻¹⁰ × 1.22 × 10¹⁹) = 3.3 × 10⁻⁹ GeV³

Hivyo T ≈ 1.5 MeV. Namba tulizozitupa (π hapa, 7/8 pale) hazidhuru sana kwa sababu mzizi wa tatu unazifinya: ukikosea Γ mara nane, T inakosewa mara mbili tu.

Muda mfupi baadaye elektroni na positroni zinaangamizana, na joto lao linakwenda kwa fotoni peke yake kwa kuwa nyutrino zimeshaachana na wengine. Entropia inahifadhiwa: kabla, fotoni na elektroni zilikuwa na 2 + (7/8)4 = 11/2; baada, 2. Jotoridi la nyutrino linabaki (4/11)^(1/3) ya lile la fotoni, ambayo kwa leo ni 1.95 K dhidi ya 2.725 K, pamoja na nyutrino 112 kwa kila sentimita ya ujazo kwa kila aina, kinzani zikiwemo. Toka hapo, mchango wake kwenye uzito wa ulimwengu ni Ωh² = Σm/93 eV, Σm ikiwa jumla ya uzito wa aina tatu, Ω sehemu ya msongamano wa mpaka (ule wa ulimwengu bapa), na h kasi ya leo ya kutanuka kwa kizio cha 100 km/s/Mpc.

Ukikutana na N_eff (idadi ya aina za nyutrino inayohesabiwa kwa nishati yake) = 3.044 badala ya 3 kamili, usidhani kuna nyutrino ya nne iliyojificha kwenye desimali. Nyutrino hazikuwa zimeachana kikamilifu elektroni zilipoanza kuangamizana, hivyo zilionja joto kidogo.

Heli: hapa ukadiriaji hautoshi

Wengi huchukua ile 1.5 MeV na kuitumia kwa nyutroni na protoni. Jaribu uone. Uwiano wao kwenye msawazo ni e^(−Q/T), ambapo Q = 1.293 MeV ni tofauti ya uzito wao. Kwa T = 1.5 MeV uwiano ni 0.42, na mwishowe heli inakaribia nusu ya uzito wote. Kinachopimwa ni karibu 0.245. Kosa la mara mbili kwenye T, ambalo kwa nyutrino halikutusumbua, hapa limekaa kwenye kipeo, na kipeo hakisamehe.

Ukifanya hesabu ya kasi ya n + ν ↔ p + e inavyostahili, uwiano unaganda karibu na 0.75 MeV: e^(−1.293/0.75) = 0.18, maana yake nyutroni ni 0.15 ya nyukleoni zote. Kisha subiri. Deuteri ina nishati ya kufunga ya 2.22 MeV, lakini kwa kila nyukleoni kuna fotoni zaidi ya bilioni moja, na zile chache zenye nishati kubwa zinatosha kuivunja mpaka jotoridi lishuke hadi karibu 0.08 MeV. Kwa fomula ya saa, ukitumia g* = 3.36, hizo ni kama sekunde 200. Nyutroni huru inaishi wastani wa sekunde 880 hivi, kwa hiyo zinabaki 0.15 × e^(−200/880) ≈ 0.12. Karibu zote zinaishia kwenye heli, kila nyutroni ikibeba protoni moja, na sehemu ya uzito ni mara mbili: 0.24.

Maada nyeusi, hatua kwa hatua

Tuchukue chembe ya m = 100 GeV yenye hali 2 za mzunguko (g = 2), ambayo ni kinzani ya nafsi yake, na wastani wa joto wa σv ya kuangamizana, ⟨σv⟩ = 2.2 × 10⁻²⁶ cm³/s, usiotegemea kasi.

1. Badilisha vizio: 2.2 × 10⁻²⁶ / 1.17 × 10⁻¹⁷ = 1.88 × 10⁻⁹ GeV⁻².

2. Tumia x = m/T badala ya T. Kisia x karibu 20; jotoridi litakuwa karibu 5 GeV, na g* ≈ 85, hivyo √g* = 9.2.

3. Kokotoa λ = 0.264 √g* M m⟨σv⟩ = 5.6 × 10¹². Namba hii ndiyo inayobeba fizikia yote ya tatizo, na haina kizio. Ikibaki na kizio, rudi hatua ya 1.

4. Kokotoa A = 0.038 (g/√g*) M m⟨σv⟩ = 1.9 × 10¹⁰; ln A = 23.67.

5. Tatua x = ln A − ½ ln x kwa kurudiarudia. Anza na 20: unapata 22.17, kisha 22.12, kisha haisogei. Chembe zinaganda x ≈ 22.1, yaani T = 4.5 GeV, kama nanosekunde 13 tangu mwanzo.

6. Idadi ya chembe kwa kila kizio cha entropia inayobaki ni Y = x/λ = 3.96 × 10⁻¹².

7. Ilete leo: entropia ya sasa ni 2891 kwa sentimita ya ujazo, na msongamano wa mpaka ni 1.054 × 10⁻⁵ h² GeV kwa sentimita ya ujazo. Ωh² = 100 × 2891 × 3.96 × 10⁻¹² / 1.054 × 10⁻⁵ = 0.109.

Kipimo cha setilaiti ya Planck cha 2018 ni 0.120. Ili kukifikia, punguza ⟨σv⟩ hadi 2.0 × 10⁻²⁶. Kupunguza, si kuongeza: chembe zinazoangamizana polepole zaidi ndizo zinazobaki nyingi zaidi. Mwanzoni karibu kila mtu anaugeuza mwelekeo huu.

Sasa alama ya hatua ya 5. Ukiandika Γ = H kwa uaminifu, ukaweka msongamano wa msawazo n = g(mT/2π)^(3/2) e^(−x) na kupanga upya, utapata x = ln A + ½ ln x, ambayo jibu lake ni 25.3. Hujakosea aljebra. Tatizo ni sharti lenyewe. Msongamano wa msawazo unashuka kama e^(−x), hivyo kasi yake ya kupungua si H tu bali karibu mara x ya H. Ili chembe ziufuate, kuangamizana lazima kuende kwa kasi ya xH, si H. Chembe zinaanza kuachwa nyuma pale Γ = xH, na hapo alama inageuka kuwa kutoa.

Lakini kuachwa nyuma si kusimama. Kwenye x = 22.1 msawazo wenyewe ni Y ≈ 9 × 10⁻¹¹, zaidi ya mara 20 ya jibu la mwisho. Zinaendelea kuangamizana huku zikizidi kutawanyika, na hatua ya 6 ndiyo inayohesabu kipindi hicho. Anayechukua Y ya msawazo kwenye 22.1 na kuipeleka moja kwa moja hatua ya 7 anapata maada nyeusi mara 20 ya inayotakiwa. Anayetumia 25.3 na kuganda papo hapo anapata Ωh² = 0.125, karibu na ukweli kwa bahati njema ya makosa mawili yanayofutana. Kosa linalojifuta hapa halitajifuta ⟨σv⟩ ikianza kutegemea kasi.

Kwa kompyuta

Asilimia kumi zinatosha kujua kama wazo lina uhai. Kwa makala au tasnifu, tatua mlinganyo wa Boltzmann, unaofuata jinsi Y inavyobadilika x ikiongezeka (Y_eq ni Y ya msawazo):

dY/dx = −(λ/x²)(Y² − Y_eq²), ambapo Y_eq = 0.145 (g/g*s) x^(3/2) e^(−x)

Usiupe solve_ivp, kitatuzi cha milinganyo cha SciPy (maktaba ya Python), ulivyo. Kwanza, mlinganyo huu ni mgumu kwa maana ya kihesabu: λ ni trilioni kadhaa, na njia ya kawaida ya Runge–Kutta itakata hatua ndogondogo hadi uchoke kusubiri. Chagua Radau au BDF, njia zilizoundwa kwa milinganyo migumu ya aina hii. Pili, na hili ndilo linalokula mchana mzima wa watu, uvumilivu wa makosa usiporekebishwa ni atol = 10⁻⁶. Y yako ni 10⁻¹². Programu inaona namba zote kuwa sawa na sifuri, inamaliza bila kulalamika, na inakupa mchoro laini usio na maana yoyote.

Dawa ya hili la pili ni kutumia W = ln Y (Radau au BDF bado inahitajika):

dW/dx = −(λ/x²)(e^W − e^(2W_eq − W))

Anza x = 10 na W = W_eq. Hapo tofauti na msawazo ni chini ya sehemu moja katika laki moja, na fomula rahisi ya Y_eq inatosha. Weka rtol 10⁻⁸. Ukiishia x = 1000, bado kuna karibu asilimia 2 haijaangamizana; badala ya kukimbia hadi milioni, malizia kwa mkono: 1/Y_mwisho = 1/Y(1000) + λ/1000.

λ ni thabiti tu ikiwa g* ni thabiti. Kwa chembe ya 3 GeV, kuganda kunaangukia karibu na 150 MeV, palepale g* inapoporomoka. Hapo weka g*s/√g* × (1 + ⅓ d ln g*s/d ln T) mahali pa √g*, ukisoma kwenye jedwali kwa kila hatua, na ulainishe jedwali kabla ya kulinyambua, la sivyo mikunjo yake itaonekana kama fizikia mpya.

Majaribio mawili ya kujua kama programu inasema kweli: zidisha ⟨σv⟩ mara mbili, Y inapaswa kushuka hadi 0.516 hivi ya ilivyokuwa, si nusu kamili, kwa sababu x inaongezeka kwa ln 2. Kisha panda hadi m = 1000 GeV bila kugusa ⟨σv⟩; Ωh² ibadilike kidogo sana, kwa mpangilio wa asilimia kumi au pungufu.

Pale jibu linapobadilika

Ikiwa chembe na kinzani yake ni vitu viwili tofauti, maada nyeusi ni jumla yao na ⟨σv⟩ inayotakiwa inakaribia mara mbili, yaani 4 × 10⁻²⁶. Kabla ya kulinganisha modeli yako na mstari wa makala nyingine, hakikisha mnazungumzia aina moja.

Ikiwa σv = bv², wengi huweka ⟨v²⟩ = 6/x na kuishia hapo. Wastani huo ni sahihi kwa wakati wa kuganda, lakini kuangamizana kunakoendelea baadaye kunafanyika kasi ikiwa imeshuka zaidi. Ukijumlisha kuanzia x ya kuganda, kinachoingia kwenye Ωh² ni 3b/x, nusu ya ulichotarajia. Na usitegemee chembe hiyo kuonekana ikiangamizana leo kwenye galaksi: wakati wa kuganda v ilikuwa karibu 0.5 ya kasi ya mwanga, sasa ni karibu 0.001, hivyo σv imeshuka zaidi ya mara laki moja.

Mwaka 1991 Griest na Seckel walionyesha hali tatu ambazo hata kupanua σv kwa v² hakufai. Ya kwanza ni chembe jirani yenye uzito unaokaribiana, tofauti ikiwa asilimia chache tu: bado ipo kwa wingi wakati wa kuganda, na kasi yake ya kuangamizana inaingia kwenye wastani. Ya pili ni kizingiti: m ikiwa pungufu kidogo ya uzito wa chembe inayozalishwa, mkia wa joto bado unafungua mlango huo. Ya tatu ni mwangwi, 2m ikikaribia uzito wa chembe ya kati, kwa mfano m karibu na 62.5 GeV kwa bosoni ya Higgs. Kwenye mwangwi σv inapanda na kushuka ndani ya upana mdogo kuliko mtawanyiko wa kasi zenyewe, hivyo fanya integrali ya wastani wa joto kwa ukamilifu, ukiongeza nukta nyingi kuzunguka kilele. Kigezo cha kutosha: ongeza nukta mara mbili, na ⟨σv⟩ isisogee zaidi ya asilimia moja.